Hodi ya Tatu

Kikombe kilikuwa mezani, na mkono wa Eliwaza ukapita katikati yake bila kugusa kitu.

Aliuacha mkono pale pale. Aliuona wazi kabisa, vidole vyake vimezama ndani ya kikombe cha bati na mvuke wa chai unapanda kati ya kucha, lakini ngozi yake haikuhisi ila ubao mkavu wa meza. Ndipo chai ya moto ilipomfikia pajani. Kikombe alikuwa ameshakigonga, kimeshaanguka, na yeye bado alikuwa anatazama kikombe cha sekunde nne zilizopita.

Mtu mwingine angeruka na kulaani. Eliwaza alibaki ameketi, paja linawaka, kwa sababu katika mji mzima wa Magadini ni yeye peke yake aliyejua maana ya kikombe kile. Siku tatu nyuma alikuwa amebadilisha mstari mmoja wa programu.

"Bwana Msechu," aliita. "Hebu niangalizie. Kikombe changu kiko wapi?"

Msechu ndiye aliyekuwa mkuu wa Chumba cha Macho. Alikuwa ameletwa kutoka mbali kwa sababu alikuwa na macho yake mwenyewe ya kuzaliwa, na hakuacha watu wasahau hilo. Aliinua kichwa kutoka kwenye makaratasi yake. "Kiko sakafuni, dada. Umejimwagia chai. Kwani hukioni?"

"Nakiona mezani."

Msechu aliiweka kalamu chini polepole.

Ghala la magadi lilipolipuka, miaka ishirini na mitano iliyopita, vumbi jeupe lilining'inia juu ya mji siku mbili, na lilipotua lilikuwa limekula macho ya kila aliyekuwa nje. Eliwaza alikuwa na miaka tisa. Sasa watu elfu mbili mia tatu na kumi na sita walivaa miwani yenye kamera mbele, spika ndogo sikioni, na waya mwembamba unaoingia nyuma ya sikio hadi kwenye mshipa wa kuona. Miwani yenyewe haikuona kitu cha maana. Kamera zilituma habari Chumba cha Macho, mitambo ikazipika, na picha iliyoiva ikamrudia mwenyewe kabla hajapepesa. Wengi walikuwa wameshasahau kwamba macho yale ni ya kuazima. Binadamu ndivyo alivyo, akishiba husahau njaa.

Aliyeitunga programu hiyo alikuwa Bi Mwanakombo, mwanamke wa Pangani aliyeipanga kama alivyopanga nyumba yake. Kila mwenye miwani ana ubao mmoja na mchoraji mmoja. Nyuma ya mchoraji wapo vibarua, huyu anapima umbali, yule anatambua nyuso, mwingine anafuatilia vitu vinavyokwenda, na wote wanafanya kazi kwa pamoja, kila mmoja kwa mwendo wake. Lakini hakuna kibarua anayegusa ubao. Akipata habari anampigia mchoraji hodi. Akijibiwa karibu, anaikabidhi na kuondoka. Asipojibiwa anapiga ya pili, kisha ya tatu, na ya tatu isipojibiwa anaitupa habari yake na kurudi alikotoka, maana mpaka hapo imeshachacha.

Eliwaza alizaliwa Upareni, milimani. Kwao hodi ilisemwa mguu mmoja umeshaingia ndani, na mwenye nyumba akichelewa kujibu humkuta mgeni keshavuta kigoda. Aliposoma kuhusu zile hodi tatu aliona ni madoido ya watu wa pwani. Bi Mwanakombo alikuwa kaburini tayari, wa kumuuliza hakuwepo. Na siku za gulio wachoraji walielemewa, habari zikatupwa nyingi, picha zikakwama, mnunuzi akawa anaona nyanya ziko chini wakati muuzaji keshazifunga kwenye tenga. Watu walilalamika wiki hadi wiki, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Jumatatu Eliwaza aliandika upya mstari mmoja tu: hodi ya tatu isipojibiwa, kibarua aingie achore mwenyewe.

Jumanne na Jumatano picha hazikukwama hata mara moja. Watu walimpongeza njiani.

Leo ilikuwa Alhamisi, siku ya gulio, saa nne na nusu asubuhi.

*

Simu zilianza kabla chai haijakauka kwenye sketi yake. Fundi cherehani wa stendi alikuwa amejishona kidole, kwani alikiona kiko pembeni kumbe kiko chini ya sindano. Muuza maandazi aliweka kiganja kwenye mafuta. Mama mmoja alilia kwamba amemnyanyua mwanawe na mtoto ana uso nusu: upande mmoja unacheka, upande mwingine bado umelala.

"Tuna migongano mingapi?" Eliwaza aliuliza. Hakuthubutu tena kuisoma skrini mwenyewe.

Msechu aliinama karibu na kioo. "Elfu kumi na tisa."

"Tangu asubuhi?"

"Tangu asubuhi. Ulipouliza habari ya kikombe ilikuwa elfu kumi na saba."

Mgongano ni pale mchoraji na kibarua wanapoushika ubao mmoja kwa wakati mmoja, na kila mgongano unaacha mchubuko kwenye kumbukumbu ya mtambo. Bi Mwanakombo alikuwa ameacha onyo: migongano ikifika elfu arobaini, kumbukumbu inachanika, na kwa kuwa mbao zote zimelala kwenye kumbukumbu moja, ukichanika mmoja zinachanika zote. Siku hiyo miwani haizimiki. Inamimina mwanga wote ilio nao kwenye mshipa, bila kituo, hadi betri iishe. Hata anayewahi kuivua hana tena ubao wa kurudia. Katika majaribio ya mwanzo jambo hilo lilimpata mtu mmoja aliyejitolea. Alisema aliona weupe tu. Baada ya hapo hakukuwa na miwani duniani iliyoweza kumwonyesha kitu.

"Gulio ndiyo kwanza linajaa," alisema Msechu. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tuna nusu saa, labda na kidogo. Kuzima, kurekebisha na kuwasha ni muda gani?"

"Dakika kumi na moja."

"Basi zima. Sasa hivi. Tutasema umeme umekatika."

"Watu wako barabarani, Bwana Msechu. Kuna mtu ana kisu mkononi. Kuna mtu yuko kwenye ngazi."

"Na ukiwatangazia watakimbia. Watakimbia wakiona vitu visivyokuwepo, waangukie visivyoonekana. Giza la ghafla linamfanya mtu asimame pale alipo. Habari mbaya inamfanya akimbie. Mimi siwezi kuwaua watu kwa adabu."

Maneno yake hayakuwa ya kipumbavu, na hilo ndilo lililomtisha Eliwaza zaidi. Angeweza kubonyeza kitufe kimoja na kusema umeme. Asingejulikana. Lakini alikwisha kuingia mara moja ndani ya macho ya watu bila kukaribishwa, na matokeo yake yalikuwa yakipiga simu moja baada ya nyingine. Halafu, aliwajua watu wa Magadini. Walikuwa wameishi gizani miaka kumi na minne kabla ya miwani kuja. Giza walilijua. Wasichokijua ni kudanganywa.

"Niwekee kipaza sauti," alisema.

"Eliwaza, wakijua ni wewe..."

"Mficha uchi hazai. Niwekee."

*

Alizungumza ndani ya masikio elfu mbili, mikono ameibana katikati ya magoti.

"Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za saa hizi. Naitwa Eliwaza, binti Zefania wa ng'ambo ya korongo. Macho yenu yanawadanganya tangu asubuhi. Si umeme. Kosa ni langu mimi, nilibadilisha kitu nisichokielewa. Sasa nataka kuyazima kwa dakika kumi na moja ili yasiharibike moja kwa moja. Naomba msitembee. Weka chini ulichoshika, papasa kwa mkono, kaa hapo hapo ulipo, hata kama ni kwenye matope. Aliye karibu na moto asogee kwa makalio. Ukishakaa, gonga miwani yako mara mbili nijue uko tayari. Hodi."

Msechu alianza kusoma hesabu, mwanzo kwa kunong'ona, baadaye kwa sauti ya mtu asiyeamini.

"Mia mbili. Mia sita. Elfu moja na... Wanakaa. Dirishani hapa naona stendi nzima inakaa chini."

Hawakukimbia. Alisikia kwa mbali mzee akimtukana kijana aliyemkalia mguu, na mwanamke akiuliza kwa hasira nani ataangalia karanga zake. Eliwaza alitaka kulia lakini hakukuwa na nafasi.

Alipiga hodi ya pili. Elfu mbili mia mbili na themanini. Aliwataja walioachwa kwa namba, majirani wakawatafuta kwa kupapasa. Alipiga hodi ya tatu.

"Elfu mbili mia tatu na kumi na tano," alisema Msechu. "Migongano elfu thelathini na tatu. Amebaki mmoja tu, namba arobaini na saba."

Eliwaza hakuhitaji daftari. Namba arobaini na saba aliifunga yeye mwenyewe, kwa mikono yake, nyuma ya sikio la baba yake.

"Yuko wapi?"

Msechu aliisoma skrini mara mbili. "Darajani."

Daraja la korongo lilikuwa la mbao na kamba, kamba moja tu, upande wa kulia, na chini yake maji ya mvua za juzi. Baba yake alilivuka kila Alhamisi na ndoo ya asali. Mzee Zefania aliichukia ile spika ya sikioni, alisema inamnong'oneza kama mchawi, na aliipunguza sauti mpaka mwisho. Hodi zote tatu hazikuwa zimemfikia.

Palikuwa na sheria kwamba hakuna mfanyakazi anayefungua picha ya mtu bila ruhusa yake. Eliwaza aliifungua.

Aliona mbao za daraja, moja baada ya nyingine, zimelowa. Aliona kamba. Aliona mkono wa baba yake umeishika kamba, na kile kidole gumba kilichong'olewa ukucha na nyundo kabla yeye hajazaliwa. Mkono haukusogea. Katikati ya daraja, bila kusogea.

"Labda ameshakaa," alisema Msechu.

"Hajakaa. Angalia kamba ilivyo chini. Amesimama. Ameona kitu kimemtisha, amesimama."

Ilibaki njia moja ya kumfikia, na njia yenyewe ilikuwa lile kosa. Aliandika maneno matatu, akampa kibarua, na kibarua akaenda kupiga hodi kwa mchoraji wa Mzee Zefania. Hakujibiwa. Mara ya pili, hakujibiwa. Ya tatu, na kwa sababu ya mstari ule ule aliouandika Jumatatu kwa mkono wake, kibarua aliingia kwa nguvu na kuchora. Herufi nyeupe zilitokea juu ya mbao za daraja: KAA CHINI BABA.

Mkono haukusogea.

"Elfu thelathini na sita," alisema Msechu.

"Mtume mtu."

"Nimtume nani? Kila mtu amekaa chini. Na mimi nikienda ni dakika ishirini."

Eliwaza aliyatazama maneno yake yalivyolala juu ya mbao, na ule mkono. Alingoja ugonge. Mara mbili tu, baba. Hakuomba zaidi ya hapo. Mtu aliyesimama kwenye ubao uliolowa, akizimiwa macho bila kuambiwa, atapiga hatua moja kutafuta mizani, na upande wa kushoto hakuna kamba. Alijua hivyo. Na mjini walikuwepo watu elfu mbili wameketi matopeni kwa sababu yeye aliwaomba, wanangoja.

"Elfu thelathini na nane. Eliwaza."

"Nasikia."

"Thelathini na nane na mia tano."

"Baba, nisamehe," alisema, na kubonyeza.

*

Giza lilikuwa lile lile la utotoni. Halikuwa jeusi, halikuwa na rangi yoyote.

Alifanya kazi kwa vidole na Msechu akawa macho yake. "Shuka. Shuka tena. Hapo." Aliufuta mstari wake herufi kwa herufi. Ndani ya giza lile aliendelea kuuona ule mkono, ingawa safari hii hakukuwa na mtambo wowote uliomwonyesha. Vidole vilikosea mara mbili. Mara ya tatu aliuandika mstari wa Bi Mwanakombo kama ulivyokuwa, asipojibiwa mara tatu arudi kwao.

"Nisomee."

Msechu alisoma. Alisoma tena bila kuombwa.

Nje mji ulikuwa umenyamaza. Mbuzi fulani alikuwa akila kitu cha mtu, na kila mtu alisikia na hakuna aliyeinuka.

Dakika ya kumi na moja alibonyeza, na ulimwengu ukarudi polepole, kwanza kingo za meza, kisha kikombe sakafuni, mahali kilipokuwa kweli. Kutoka stendi ulikuja mngurumo wa watu wanaosimama na kujikung'uta.

"Elfu mbili mia tatu na kumi na tano wanaona," alisema Msechu. "Migongano sifuri."

"Arobaini na saba?"

Msechu aliinamia skrini. "Kuna habari yake ilikuwa imekwama kwenye foleni. Sasa ndiyo imefika. Inasema miwani imevuliwa. Saa tatu na dakika hamsini."

Eliwaza alihesabu. Saa tatu na dakika hamsini ilikuwa kabla ya kikombe. Kabla ya hodi ya kwanza. Picha aliyoifungua, ule mkono, ile kamba, ilikuwa imechacha kwa zaidi ya saa nzima. Imevuliwa. Au imeanguka pamoja na mwenyewe.

"Hodi," ilisema sauti nje ya mlango.

Alifungua mdomo, sauti haikutoka.

"Hodi humu ndani." Fimbo iligusa ukuta, ikatafuta mlango. Mzee ambaye maisha yake yote aliingia mguu mbele, leo alikuwa amesimama nje anangoja, kwa kuwa hakukiona kizingiti. "Hodi."

Kisha zikasikika hatua zinageuka.

"Karibu," alisema Eliwaza. Alikuwa ameshafika mlangoni. "Karibu, baba. Karibu. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unanishika hivyo? Utamwaga asali." Mzee Zefania aliingia ndoo mkononi, macho yake meupe yametazama juu ya kichwa cha binti yake. "Mji huu una nini leo? Nimekuta watu wamekaa chini njia nzima, kimya. Nimekanyaga watatu. Nikadhani kuna msiba."

"Miwani yako iko wapi?"

"Mfukoni. Niliivua pale darajani. Nilikuwa natafuta ugoro, mkono uko mfukoni, naushika ugoro wenyewe. Natazama mbele, naona mkono wangu umeshika kamba. Eliwaza, mimi si mwoga. Lakini nilisimama pale nikajiuliza ni upi ulio wangu. Nikaivua, nikapapasa kamba mpaka ng'ambo kama zamani. Ndiyo maana nimechelewa. Nimekuja kukwambia kuna mtu ameharibu kitu humu."

Msechu alijishughulisha na makaratasi yake. Wengine wote walikuwa wamesikia ungamo la Eliwaza sikioni. Huyu alibaki kuambiwa uso kwa uso, na Eliwaza aligundua kwamba alimwogopa kuliko wale wote.

"Ni mimi, baba. Na kuna jingine. Nilizima macho ya watu wote. Nilikupigia hodi mara tatu hukujibu, na picha ilinionyesha uko darajani umesimama. Nilizima hivyo hivyo."

Mzee aliishusha ndoo, akahakikisha kwa mguu kwamba imekaa sawa.

"Uliamini niko pale?"

"Niliamini."

"Wengine walikuwa wangapi?"

"Elfu mbili mia tatu na kumi na tano."

"Basi ulifanya sawa," alisema. "Hata mimi ningekwambia uzime."

Alimpapasa uso kwa kiganja, kuanzia paji hadi kidevu, kama alivyokuwa akifanya ile miaka ya giza alipotaka kujua kama amelia. Alikuta machozi, akayapangusa kwa kidole gumba kisicho na ukucha. Kisha aliingiza mkono mfukoni, akatoa miwani, akapapasa meza mpaka akapata pasipolowa chai, na kuiweka pale.

"Nimeshairekebisha, baba. Iko salama. Hakuna tena kibarua atakayeingia bila kukaribishwa."

"Najua. Wewe ukisema umerekebisha, umerekebisha." Aliokota fimbo yake. "Ikae kwako kwanza. Siku nikiitaka nitakuja kupiga hodi."

Alikataa kusindikizwa. Eliwaza alisimama mlangoni akamtazama akishuka kuelekea korongoni, mkono mmoja ukutani, mpaka alipofika mwisho wa ukuta na kuanza kutumia fimbo.